Fundi wa Maua na Kaburi la Mama

Kama hujawahi kunusa maji ya maua yaliyolala siku nne kwenye chombo, usinisimulie habari za uzuri wa maua. Yananuka kama tambara la jikoni lililosahaulika chini ya karo, na shina ukilishika linateleza vidoleni kama kamasi. Kazi yangu ni maua, hapa hapa Karatu, miaka mingi sasa, na bado nikichomoa shina la namna hiyo naziba pua kwa kiwiko. Na kila ninapoiziba namkumbuka yeye.

Sisi tuliofanya naye kazi kwenye lodge ya watalii tulimwita Fundi. Jina lake silitaji, wala halina haja. Mtu wa huku akinisoma atamjua kwa pua yake tu. Tangu azikwe, watu wananisimamisha sokoni wananipa pole kama mtoto wake. "Pole dada, umempoteza mwalimu wako." Napokea. Ningesema nini? Kwamba aliyenifundisha kila ninachokijua ndiye mtu aliyenitia kinyaa kuliko wote niliowahi kukutana nao? Watu hawapendi kuambiwa hivyo pembeni ya fungu la nyanya.

Tuanze na pua. Saa kumi na mbili asubuhi, wageni wakinywa kahawa ya haraka kabla ya kushuka kreta kuona wanyama, Fundi alikuwa ameshaingia ukumbi wa chakula. Hasalimii mtu. Anainama kwenye chombo cha kwanza, ananusa. Cha pili, ananusa. Mameneja wapya walidhani anasali. Chombo kikipita, anachota maji yake kwa kiganja na kuyanywa pale pale mbele yetu, kisha anajifuta midomo kwa aproni. "Maji ya ua yawe maji ya mtu," alisema. Kisipopita, alimwita aliyekijaza.

Mara ya kwanza aliyeitwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka usafi wa vyumba, wiki ya pili kwenye maua, nikaacha majani mawili ya waridi ndani ya maji. Mawili tu! Yakaoza. Fundi akanishika kifundo cha mkono, akauzamisha mkono wangu ndani ya chombo mpaka ule utelezi ukanijaa kwenye kucha, akautoa.

"Nusa."

Nikanusa.

"Sasa kaa nao hivyo hivyo mpaka saa saba. Ukinawa nitajua."

Nilikaa nao. Nilisukuma toroli la maua kwa mkono mmoja asubuhi nzima, ule mwingine nimeunyoosha pembeni. Wageni walidhani nimeungua. Chakula cha mchana sikula. Lakini toka siku hiyo hakuna jani langu lililowahi kugusa maji, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba yule mama alikuwa akikufundisha jambo, halikutoki.

Alikuwa na kinyaa cha watu pia. Harusini alikula kwa kijiko alichokuja nacho kwenye pochi, amekifunga kwa leso. Chai ya jirani hanywi. Ukimpa mkono anakupa ncha za vidole, halafu unamwona anazifuta kwenye sketi akidhani huoni. Mwenyewe alikuwa msafi wa kutisha. Visu vyake vitatu alivichemsha kila Jumatatu kama vya daktari. Ndoo alizisugua kwa majivu, akazianika juani zimeinamishwa, na ole wake atakayechota humo maji ya kudekia.

Na mikono yake sasa, jamani. Miiba ilikuwa imeipasua na kuifunga mara nyingi mno, ngozi ikawa ngumu kama gome. Lakini mpe shina. Analiinamisha ndani ya beseni, analikata mshazari humo humo chini ya maji, moja kwa moja, bila kurudia. "Ukikata hewani linavuta hewa. Litakufa na kiu limesimama majini." Waridi alilivua petali mbili za nje zilizopondeka, akaita kuvua koti. Mayungiyungi ya dukani aliyang'oa chavua kwa vidole kabla hayajafunguka sawasawa, maana ile njano ikishika shati la mgeni haitoki, na mgeni hatalisahau shati lake hata aone simba kumi.

Sponji ya kuchomekea maua aliiweka juu ya maji na kuiacha. Hapo wengi tulikosea. Sisi tulikuwa na haraka, tunaikandamiza izame. Yeye anakupiga kofi la mgongo wa mkono. "Iache izame yenyewe! Ukiisukuma inalowa nje, ndani kukavu." Ningeweza kuapa inazama vile vile tu. Siku moja akaipasua yangu katikati kwa kisu, akanionyesha: ndani unga mkavu. Maua yaliyochomekwa humo yalikuwa yameanza kuinamisha vichwa na hata saa sita haijafika.

Kupanga kwenyewe alikupanga bila maneno mengi. Majani kwanza, kuficha sponji. Kisha ya kimo, na kimo ni chombo kimoja na nusu, sio zaidi, "huu sio mnara wa simu." Kisha lile la uso, kubwa, katikati chini kidogo. Mwisho vile vidogo vya kujazia, ambavyo alivimwaga haraka kama anatia chumvi. Siku zote idadi ya witiri: tatu, tano, saba. "Shufwa peleka kwenye viatu." Akimaliza anarudi nyuma hatua nne, anafumba jicho moja, anasonya. Kusonya ndiko kulikuwa kuridhika kwake.

Sasa nisimwonee. Kuna siku dereva mmoja wa watalii alimletea ua la msituni, okidi ndogo nyeupe, amelikwanyua juu kwenye ukingo wa kreta. Alidhani anampa zawadi. Kijana wa watu ametabasamu mpaka magego yanaonekana. Fundi akaliangalia bila kuligusa.

"Umelitoa wapi?"

"Kule juu, Fundi. Yako mengi."

"Yako mengi ni ya baba yako?"

Akamfokea mbele ya wapishi. Kule ndani ya hifadhi hata jani huruhusiwi kuchuma, na yeye alilishika hilo kuliko askari wa getini. Akamwambia alirudishe. Dereva akacheka, akidhani utani. Hakukuwa na utani. Fundi hakuzungumza naye tena, na ua lile likanyaukia juu ya dashibodi ya gari. Tulisema, huyu mama ni mwaminifu mpaka anachosha. Mimi nilikuwa wa kwanza kulisema hilo. Nilimsifia kwa mama yangu, nilipopanda kwetu Buger kumsalimia.

Kitu alichokijua kuliko vyote kilikuwa kufufua. Ua limelegea, shingo imeanguka, wewe unalitupa, yeye analiokota. Anakata upya kidogo, anachovya ncha kwenye maji ya moto huku kichwa amekizungushia gazeti kisipate mvuke, halafu ndoo ya maji baridi mpaka shingoni, chumba cha giza, usiku kucha. Asubuhi limesimama. Nililiona kama muujiza. Alinifundisha kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayepokea maua mabichi mara mbili kwa wiki ajue sana kufufua yaliyochoka.

Mama yangu alifariki mwezi wa saba, kwenye ile baridi ya kukata masikio. Tulimzika nyumbani, shambani kwetu Buger, juu ya mteremko, karibu na migomba. Fundi alisema mashada ni juu yake. Alitengeneza makubwa manne juu ya fremu za waya, na moja akaniachia nilifunge mwenyewe, kwa sababu lilikuwa la watoto wa marehemu. Mayungiyungi yale meupe yanayoota kwenye mitaro, safi, na majani ya mkaratusi. Katikati ya kazi utepe wa kijani ukaisha. Nikachana pindo la khanga ya mama, ile ya njano aliyokuwa akifungia kichwa akienda shamba, nikafungia nayo mashina yaliyobaki. Nikaona ni vizuri zaidi. Nikaona nimempa kitu chake aondoke nacho.

Jumatano tulizika. Mshereheshaji akaita kwa mafungu, watoto, wakwe, majirani, kwaya, kila fungu na shada lake. Fundi alisimama nyuma na koti lake la mvua. Alimpa kila mtu pole, kwa vidole vile vile.

Ijumaa akarudi. Sisi bado tumelala msibani, macho yamevimba, tunaona pikapu ya lodge inapanda. Ameleta sukari. Akasema amekuja pia kuchukua fremu za waya, ni za kazini, lazima zirudi. Akasema tusijisumbue, atasafisha kaburi mwenyewe. Jamani, tulivyomshukuru! Shangazi alimfungia mfuko wa mbaazi. Na mimi, mimi mwenyewe, nilimshikia mashada akipakia, nikamfungia turubai. Nilimwona ameweka ndoo mbili za maji kule nyuma na sikujiuliza ni za nini. Kaburi likabaki udongo mtupu na msalaba. Shangazi akasema limependeza.

Jumamosi niliomba kurudi kazini, kwa sababu nyumbani nilikuwa naziba masikio nisisikie vilio. Tulikuwa na harusi kwenye ukumbi wa Karatu mjini. Nikafika saa nane, meza kuu imeshapangwa, nyeupe tupu na kijani, imependeza mpaka watu wanapiga picha kabla ya maharusi. Ua moja la katikati lilikuwa limelala kidogo. Nikaingiza vidole katikati ya majani nilinyooshe kwenye sponji, nikagusa nguo.

Nilijua kabla ya kuangalia. Kidole kilijua. Nikafunua majani, nikaona njano.

Lazima nieleze kitu kwa wasio wa kwetu. Bibi zetu Wairaqw walikuwa na mwiko mkali wa msiba. Nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake mpaka muda wake uishe. Hutoi chombo kwenda kwa jirani, hutoi kaa la moto, hutoi hata mbegu. Ukitoa umempelekea mwenzio kifo nyumbani. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa, tunasema hayo yamepita. Lakini nilisimama pale nikiwa na maua ya kaburi la mama yangu yakimsubiri bibi harusi, na nikahisi bibi yangu aliyekufa zamani ananishika shingo. Mate yalinijaa mdomoni. Nilikimbilia nyuma ya spika nikatapikia kwenye boksi la vitambaa.

Nikarudi nikamkuta amesimama hatua nne kutoka mezani, jicho moja amelifumba.

"Fundi, haya maua yametoka wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Fundi, haya ni ya mama yangu."

Akasogea. Akainamia, akakiona kitambaa. Akakifungua kwa kucha mbili, taratibu, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

"Hiki kingeonekana kwenye picha," akasema.

Yaani! Ndivyo alivyosema. Nje tarumbeta zimeanza, mshereheshaji anapiga kelele, "Wameingia, wameingia!" Fundi akanisukuma kiwiko.

"Nyoosha hilo la kati. Bibi harusi anaingia."

Na nikalinyoosha. Nimewaambia kinyaa changu ni juu yake, na ni kweli, lakini kimoja kinanihusu mimi, nacho ni hicho. Vidole vyangu vililishika shina la mama vikalinyoosha, vikaangalia na kimo kama kiko sawa. Bibi harusi akaja akakaa mbele ya mayungiyungi yale, amependeza, anacheka, na nadhani picha hiyo imetundikwa kwenye sebule fulani hapa mjini mpaka leo.

Mtu ataniuliza, ulifanya nini? Nilifanya naye kazi miaka mitatu mingine. Hatukuzungumzia hilo hata siku moja. Nilikuwa na wadogo wawili nyuma yangu na kazi ya maua sikuijua kwingine. Nilichunguza tu. Nikagundua kila tukipeleka mashada msibani, siku ya pili au ya tatu Fundi anaomba pikapu. Fremu, fremu, lazima zirudi. Na chumba cha giza kinakuwa na ndoo. Wanawake wengine walijua. Mmoja aliniambia, "Kwani yangebaki kaburini, mbuzi wangeyafanyia nini?" akaendelea kumenya miiba. Lodge haikumtuma, maua ya harusi za mjini yalikuwa shughuli zake binafsi. Na mtu huyu huyu, nawaambia, alilia kila harusi. Kiapo kikianza tu, leso hiyo, machozi ya kweli, huku mikono inanuka udongo wa watu.

Nilitaka neno moja kutoka kwake. Sikutaka mashauri, sikutaka wazee waitwe. Nilitaka aniangalie aseme nisamehe kwa ajili ya mama yako. Niliondoka lodge sijalipata, nikafungua kibanda changu, nikapata wateja, nikawa natuma fremu za msiba na kuwaambia wenye kaburi, bakini nazo. Neno lile bado nilikuwa nalisubiri.

Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, binti yake akanipigia. Fundi alikuwa ameacha kazi muda, miguu imevimba, hashuki tena kitandani. "Dada, mama anakutaja kila siku. Anasema uje." Nilikaa nyuma ya bodaboda mpaka kwake nikijifunza uso wa kuweka atakaponiomba msamaha. Niliamua nitakaa kimya kidogo kwanza. Asipate kirahisi.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua na joto la mtu aliyelala sana. Alikuwa amekonda, pua peke yake ndiyo ilibaki kubwa.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Akanusa. "Umeshika waridi la juzi."

Binti akaniwekea kiti, akatoka kwenda kuchemsha chai. Nikasubiri. Mwisho nikashindwa.

"Fundi, nimekuja. Kama ni habari ya maua ya mama, sema tu."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Wa Buger."

Akafikiri. Nawaapia, alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Buger nilichukua mara nyingi," akasema. "Wa waridi za njano, au wa mayungiyungi?"

"Wa mayungiyungi."

"Ahaa. Kumi na tisa yalikuwa. Mawili yalivunjika njiani. Yale uliyofunga kwa kitambaa ulikaza mno, mashina yaliminywa. Nilikukataza kukaza."

"Huwezi hata kusema pole?"

"Pole si nilileta?" Alinishangaa kabisa. "Siku ile ile ya mazishi. Nilimpa mkono kila mtu."

Nikanyanyuka. Hapo ndipo aliponyoosha kidole, na sauti yake ikabadilika. Juu ya stuli, usawa wa macho yake, kulikuwa na glasi yenye waridi za plastiki, nyekundu, sita, na matone ya gundi yaliyogandishwa juu ya petali eti ni umande. Vumbi limekaa humo.

"Mwanangu, nitolee hayo," akasema. "Siwezi kuyafikia. Nikifumbua macho yapo, nikigeuka yapo. Binti kayanunua kwa jasho lake, anadhani yananiliwaza. Siwezi kumwambia, ataumia. Yachukue wewe, mwambie umeyapenda. Tafadhali."

Sikuwahi kusikia tafadhali mdomoni mwake.

"Ndicho ulichoniitia?"

"Ndicho."

Machozi yalikuwa yanamtoka, yale yale ya harusini. Nikayaangalia maua, nikamwangalia yeye. Nikavuta mlango nyuma yangu.

Binti alinisindikiza mpaka barabarani akiwa bado na kikombe cha chai ambayo sikunywa. Ni dada mpole, hana kosa lolote. "Amefurahi?" akaniuliza. "Alikuwa anataka nini jamani? Mimi haniambii."

Nikamwambia mama yako ameyasifu sana yale maua uliyomwekea. Anaomba usiyaondoe. Uyasogeze karibu zaidi, maana macho yake yameanza kupungua.

Uso wake ukachangamka, maskini. "Kumbe anayapenda!" akasema. "Basi kesho namwongezea mengine."